Skwadroni ya 99 na Kundi la 332: Historia ya Marubani wa Tuskegee, 1941–1949

Haja iliyozaa kikosi (1917–1940)

Tarehe 22 Machi 1941, katika kambi ya Chanute jimboni Illinois, Jeshi la Marekani liliandikisha Skwadroni ya 99, kikosi cha kwanza cha anga nchini humo ambacho marubani na mafundi wake wangekuwa Wamarekani Weusi. Skwadroni ndiyo kikosi cha msingi katika vita vya angani: huwa na ndege zake, marubani wake, mafundi wa injini, wapakiaji wa silaha, makarani, daktari na wapishi, na huweza kuhama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine bila kutegemea kikosi kingine. Skwadroni kadhaa zikiwekwa chini ya amri moja huitwa kundi, na makundi kadhaa huunda jeshi la anga lenye namba yake. Wakati huo urushaji ndege wa kivita ulikuwa bado tawi la jeshi la nchi kavu, na Marekani haikupata jeshi la anga linalojitegemea hadi mwaka 1947.

Kikosi hicho hakikuzaliwa kwa hiari ya jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wamarekani Weusi walioomba kuwa marubani walikataliwa, hata Eugene Bullard, mzaliwa wa Georgia, akalazimika kurusha ndege mwaka 1917 chini ya bendera ya Ufaransa. Mwaka 1925 chuo cha maofisa wakuu wa jeshi kilitoa taarifa kuhusu matumizi ya askari Weusi vitani, ambayo ilidai kwamba watu hao hawakuwa na ujasiri wala akili ya kutosha kwa kazi ngumu za kijeshi. Taarifa hiyo haikuwa na utafiti wa kuitegemeza, lakini ilikuwa na muhuri wa serikali, na kwa miaka kumi na mitano iliyofuata ilitosha kuwafungia mlango vijana ambao tayari walikuwa na leseni za urubani mfukoni.

Ushahidi wa kuikanusha haukuwa mbali. John Robinson, aliyesomea ufundi wa magari katika chuo cha Tuskegee jimboni Alabama na ambaye alikishauri chuo hicho kuanzisha masomo ya urubani, alikwenda Ethiopia mwaka 1935, akakabidhiwa na Mfalme Haile Selassie uongozi wa kikosi kidogo cha anga cha nchi hiyo wakati wa uvamizi wa Italia. Huyu ni Mmarekani Mweusi aliyeongoza marubani vitani miaka sita kabla serikali yake mwenyewe haijakubali kwamba jambo hilo linawezekana.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya siasa na sheria. Mwaka 1939 serikali ilianzisha mpango wa kufundisha marubani wa kiraia vyuoni, ili nchi iwe na akiba ya warushaji endapo vita ingefika, na Tuskegee ikawa miongoni mwa vyuo vya Weusi vilivyoingizwa. Magazeti ya Weusi na chama cha kutetea haki zao, NAACP, viliongeza shinikizo, na mwanzoni mwa mwaka 1941 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Howard aliishtaki Wizara ya Vita kwa kukataliwa kwa sababu ya rangi yake. Katika siku hizohizo, tarehe 16 Januari 1941, wizara ilitangaza kwamba skwadroni moja ya Weusi ingeundwa.

Shule moja kwa jeshi zima (1941–1943)

Tangazo hilo halikuwafurahisha wote. NAACP ilitaka Weusi wafundishwe katika shule zilezile walizofundishwa Weupe, kwa hoja kwamba kambi ya peke yao ingekuwa ubaguzi uliovikwa sare. William Hastie, jaji wa zamani aliyekuwa msaidizi wa kiraia wa Waziri wa Vita katika masuala ya Weusi, alishikilia msimamo huo kwa miaka miwili, kisha akajiuzulu Januari 1943 kwa kuchoka kuona mapendekezo yake yakipuuzwa. Upande wa pili walikuwamo walioona kwamba nafasi finyu ni bora kuliko kutokuwa na nafasi, na uongozi wa chuo cha Tuskegee, kilichoanzishwa na Booker T. Washington mwaka 1881, ulikuwa upande huo. Haki ya kihistoria inadai kusemwa kwamba pande zote mbili zilikuwa na ukweli: kambi ilitoa marubani waliokanusha taarifa ya 1925, lakini utengano wenyewe ulikigharimu kikosi katika kila hatua, kama itakavyoonekana hapa chini.

Chuo kiliingia mkataba wa kutoa mafunzo ya awali katika uwanja wa Moton, uliopewa jina la mkuu wa pili wa chuo hicho. Fedha za kuujenga, dola 175,000, zilikuwa mkopo kutoka Mfuko wa Julius Rosenwald, ambao Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alikuwa mjumbe wa bodi yake. Mama huyo alifika Tuskegee mwaka 1941, akapanda ndege ndogo iliyorushwa na mkufunzi mkuu Charles Alfred Anderson, na picha yao wakiwa ndani ya ndege hiyo ikasambaa kote nchini. Anderson, ambaye wanafunzi walimwita Chifu, alikuwa amepata leseni ya urubani mwaka 1929 baada ya kununua ndege yake mwenyewe, kwa kuwa shule za urubani hazikumpokea.

Kutoka Moton, kilomita chache tu, mwanafunzi aliyefaulu alihamia uwanja wa jeshi wa Tuskegee, uliojengwa kwa haraka na kampuni ya McKissack and McKissack iliyomilikiwa na Weusi. Huko alipitia mafunzo ya msingi na ya juu, kisha akazoezwa ndege ya kivita aina ya P-40. Darasa la kwanza lilianza Julai 1941 likiwa na wanafunzi 13, na waliovishwa mbawa za fedha tarehe 7 Machi 1942 walikuwa watano tu: Benjamin O. Davis Jr., Lemuel Custis, Charles DeBow, George Roberts na Mac Ross.

Wa kwanza kati yao alikuwa tayari kapteni. Davis alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1936, baada ya miaka minne ambayo wenzake hawakusema naye neno isipokuwa kwa lazima ya kazi. Hakupewa mwenzi wa kulala chumba kimoja, na mezani alikula bila kusemeshwa. Ukali wake wa baadaye kama kamanda, ambao baadhi ya marubani waliulalamikia, hauelezeki bila miaka hiyo. Mwezi Agosti 1942 alipokea uongozi wa Skwadroni ya 99 kutoka kwa Roberts, aliyeiongoza kwa muda mfupi kabla yake. Kambi yenyewe iliendelea kuwa chini ya maofisa Weupe, na kuanzia Desemba 1942 mkuu wake alikuwa Noel Parrish, ambaye alipunguza vizuizi vya ubaguzi vilivyowekwa na mtangulizi wake na kupima wanafunzi kwa uwezo wao.

Skwadroni ilikuwa tayari kwa vita miezi mingi kabla ya kutumwa, kwa sababu hapakuwa na kamandi iliyoiomba. Wakati huo mafundi wake, waliofunzwa Chanute, waliendelea kufungua na kufunga injini zilezile, na marubani wakaendelea kuongeza saa za angani, kiasi kwamba kikosi kiliondoka kikiwa na mafundi waliobobea kuliko ilivyo kawaida kwa kikosi kipya.

Kutoka Moroko hadi Sisilia (1943)

Skwadroni iliondoka Tuskegee tarehe 2 Aprili 1943, ikapanda meli Mariposa huko New York, ikafika Casablanca tarehe 24 Aprili. Kituo cha kwanza kilikuwa Oued N'ja, karibu na mji wa Fez, ambako Philip Cochran, rubani Mweupe aliyekuwa amepigana Tunisia, aliwafundisha yale ambayo hayafundishwi darasani. Msaada huo ulikuwa wa thamani kubwa, kwa sababu hapa ndipo gharama ya kwanza ya utengano ilipojitokeza: skwadroni nyingine mpya zilipewa maofisa wachache waliokwisha kupigana ili wawaongoze wageni, lakini hapakuwa na rubani Mweusi yeyote aliyekwisha kupigana katika jeshi la Marekani, wala haikuruhusiwa kuwachanganya.

Kutoka Fardjouna, katika rasi ya Bon nchini Tunisia, Skwadroni ya 99 ilifanya safari yake ya kwanza ya kivita tarehe 2 Juni 1943, ikiwa imeunganishwa na Kundi la 33 la ndege za kivita. Lengo lilikuwa Pantelleria, kisiwa cha Italia chenye ngome kilichosimama njiani kuelekea Sisilia. Kilisalimu amri tarehe 11 Juni kutokana na mabomu, kabla askari wa miguu hawajapigania ufuo wake. Kwa mchango wake katika mapambano hayo skwadroni ilipata sifa ya kikosi, ambayo ni heshima inayotolewa kwa kikosi kizima na si kwa mtu mmoja, ikiwa ya kwanza kati ya tatu ilizotunukiwa vitani. Tarehe 2 Julai, juu ya Sisilia, Luteni Charles B. Hall alitungua ndege ya Kijerumani aina ya Focke-Wulf 190, akawa rubani Mweusi wa kwanza wa jeshi la Marekani kufanya hivyo, lakini siku hiyohiyo kikosi kiliwapoteza marubani wawili, vifo vyake vya kwanza vitani.

Kikosi mbele ya kamati

Mwezi Septemba 1943, Davis alipokuwa amerudishwa Marekani kuongoza kundi jipya la Weusi, kamanda wa Kundi la 33 aliandika ripoti iliyodai kwamba marubani wa 99 hawakuwa na ukali wa kupigana, na wakubwa wake wakapendekeza skwadroni iondolewe mstari wa mbele na kupelekwa kulinda pwani. Pendekezo hilo, kama lingekubaliwa, lingezuia pia vikosi vingine vya Weusi vilivyokuwa vikiandaliwa.

Davis alijibu mbele ya kamati ya Wizara ya Vita tarehe 16 Oktoba. Hakukana kwamba mwanzoni marubani wake walifanya makosa, bali alieleza sababu zake: hakuna aliyewahi kupigana, marubani walikuwa wachache kuliko wa skwadroni nyingine, na kwa hiyo kila mmoja aliruka mara nyingi zaidi bila kupumzika, kwa kuwa wa kuwapokea walitoka shule moja tu, nayo ilikuwa ng'ambo ya bahari. Kuhusu uchache wa ndege zilizotunguliwa, jibu lilikuwa rahisi: kikosi kilipangiwa kushambulia shabaha za ardhini, mahali ambapo ndege za adui zilionekana kwa nadra. Jeshi liliagiza uchunguzi wa takwimu, ukalinganisha 99 na skwadroni nyingine za P-40 katika eneo la Mediterania, na haukuona tofauti ya maana. Inafaa kuzingatiwa kwamba hakuna skwadroni ya Weupe iliyowahi kudaiwa uchunguzi wa aina hiyo ili kuthibitisha kwamba rangi ya marubani wake haiwazuii kupigana.

Kabla uchunguzi huo haujakamilika, jibu lilikuwa limekwisha kutoka angani. Ikiwa sasa pamoja na Kundi la 79, ambalo kamanda wake aliichanganya na skwadroni zake nyingine katika safari za kivita, 99 ilihamia uwanja wa Capodichino karibu na Napoli, na tarehe 27 na 28 Januari 1944, ikilinda askari waliotua Anzio, ilitungua ndege zaidi ya 10 za Kijerumani kwa siku mbili.

Mikia myekundu (1944–1945)

Kundi la 332, lililoandikishwa Tuskegee tarehe 13 Oktoba 1942 likiwa na skwadroni za 100, 301 na 302, lilifika Italia mapema mwaka 1944 chini ya Davis. Kwa miezi michache lilifanya doria za pwani kwa ndege za P-39, kazi isiyowapa marubani wake nafasi kubwa, kisha likahamishiwa Jeshi la Anga la 15, ambalo kazi yake ilikuwa kupeleka ndege kubwa za mabomu kwenye viwanda na matangi ya mafuta ya Ujerumani. Kituo kikawa Ramitelli, kando ya bahari ya Adriatiki, ambako njia ya kurukia ilikuwa mabamba ya chuma yenye matundu yaliyounganishwa na kutandikwa juu ya mashamba. Mwanzoni mwa Julai Skwadroni ya 99 iliungana nao, na Kundi la 332 likawa kundi la skwadroni nne, wakati makundi mengine ya ndege za kivita yalikuwa na tatu. Si wote wa 99 waliofurahia, kwa kuwa walikuwa wamezoea kupigana pamoja na Weupe na sasa walirudishwa katika utengano.

Kila kundi la usindikizaji lilipewa alama yake mkiani, ili wapigaji bunduki wa ndege za mabomu wasiwafyatulie risasi walinzi wao. Kundi moja lilikuwa na milia myekundu, jingine rangi ya njano, jingine miraba ya njano na nyeusi. Kundi la 332 lilipaka mkia wote rangi nyekundu. Mtu wa karibu aliweza kusoma zaidi ya hapo, kwani vibao vidogo vya kurekebishia uelekeo vilivyo nyuma ya mbawa na mkia vilipakwa rangi ya skwadroni: nyeupe kwa 99, nyeusi kwa 100, buluu kwa 301, na njano kwa 302. Ndege zenyewe zilibadilika upesi mno, P-47 mwezi Juni na P-51 Mustang mwezi Julai, na mzigo wa mabadiliko hayo uliwaangukia mafundi, ambao walilazimika kujifunza injini mpya huku ratiba ya safari ikiendelea.

Usindikizaji ulihitaji nidhamu kuliko ushujaa wa mtu mmoja. Rubani wa ndege ya kivita hushawishika kumfuata adui anayekimbia, kwa sababu jina na nishani hutokana na kutungua, na adui alijua hivyo na kutumia chambo hicho kuwavuta walinzi mbali. Davis aliwaagiza marubani wake wabaki na ndege za mabomu. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kutokuwapo miongoni mwao mtu aliyefikisha ndege tano, idadi inayompa rubani jina la bingwa. Lee Archer, Joseph Elsberry na Edward Toppins waliishia kwenye nne kila mmoja.

Safari ndefu kuliko zote ilikuwa ya tarehe 24 Machi 1945, kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 2,500, kusindikiza ndege za mabomu hadi kiwanda cha vifaru cha Daimler-Benz mjini Berlin. Huko Kundi la 332 lilikutana na Messerschmitt 262, ndege za jeti zilizoizidi Mustang mwendo kwa mbali, na Charles Brantley, Earl Lane na Roscoe Brown wakatungua moja kila mmoja. Kundi zima lilipata sifa ya kikosi kwa siku hiyo, ambayo kwa Skwadroni ya 99 ilikuwa ya tatu baada ya zile za Pantelleria na za mapigano ya Monte Cassino nchini Italia.

Freeman Field (Aprili 1945)

Wakati hayo yakitokea Ulaya, Kundi la 477 la ndege za mabomu, nalo la Weusi, lililoandikishwa Januari 1944, lilihamishwa kambi hadi kambi bila kupelekwa vitani. Katika kambi ya Freeman Field, Indiana, mkuu wa kambi alitenga mabwalo mawili ya maofisa, moja la wasimamizi na jingine la wanaofundishwa, na ikatokea, bila kushangaza mtu, kwamba wasimamizi wote walikuwa Weupe na waliofundishwa wote Weusi. Usiku wa tarehe 5 Aprili maofisa Weusi walianza kuingia bwalo la wasimamizi kwa makundi madogo, kwa utulivu, wakakamatwa. Baada ya siku chache kila ofisa Mweusi aliamriwa kutia saini kwamba amesoma na kukubali kanuni ya mabwalo. Maofisa 101 walikataa, ingawa kuasi amri ya mkubwa wakati wa vita kungeweza kuadhibiwa kwa kifo. Watatu tu ndio waliofikishwa mahakama ya kijeshi kwa kosa la kumsukuma mlinzi wa mlango, na mmoja akatozwa faini ya dola 150. Hukumu hiyo ilifutwa mwaka 1995.

Kutoka Lockbourne hadi kuvunjwa (1945–1949)

Mwezi Juni 1945 Davis alikabidhiwa Kundi la 477, ambalo Skwadroni ya 99 iliunganishwa nalo, na mwaka 1946 wakahamia Lockbourne, Ohio. Hiyo ilikuwa kambi iliyoongozwa na ofisa Mweusi na kuendeshwa na Weusi kuanzia karakana hadi hospitali. Kambi ya Tuskegee yenyewe ilifungwa mwaka huohuo. Tarehe 26 Julai 1948 Rais Harry Truman alitia saini Amri namba 9981 ya usawa jeshini, na mwezi Mei 1949, likiwa limebakiza majuma machache ya uhai, Kundi la 332, lililokuwa limechukua nafasi ya la 477 huko Lockbourne, lilishinda mashindano ya shabaha ya Jeshi la Anga huko Las Vegas kwa upande wa ndege za rafadha, yaani zinazovutwa na mapanga badala ya injini ya jeti. Tarehe 1 Julai 1949 kundi lilivunjwa na watu wake wakagawanywa katika kambi za nchi nzima.

| Tarehe | Tukio |
|---|---|
| 16 Januari 1941 | Wizara ya Vita yatangaza kuundwa kwa skwadroni ya Weusi |
| 22 Machi 1941 | Skwadroni ya 99 yaandikishwa Chanute |
| 7 Machi 1942 | Marubani watano wa kwanza wahitimu Tuskegee |
| 13 Oktoba 1942 | Kundi la 332 laandikishwa |
| 2 Juni 1943 | Safari ya kwanza ya kivita |
| 2 Julai 1943 | Ndege ya kwanza ya adui yatunguliwa |
| 27–28 Januari 1944 | Mapambano ya Anzio |
| Julai 1944 | 99 yajiunga na Kundi la 332 huko Ramitelli |
| 24 Machi 1945 | Safari ya Berlin |
| 26 Julai 1948 | Amri namba 9981 |
| 1 Julai 1949 | Kundi la 332 lavunjwa |

Viongozi na rekodi

Davis alipandishwa cheo kuwa jenerali mwaka 1954, Mweusi wa kwanza katika Jeshi la Anga la nchi hiyo, na Daniel James, aliyekuwa rubani wa Kundi la 477, akawa mwaka 1975 Mweusi wa kwanza kufikia nyota nne katika jeshi lolote la Marekani. Skwadroni ya 99 ilirejeshwa mwaka 1993 katika kambi ya Randolph, Texas, ikiwa kikosi cha mafunzo ya urubani. Tarehe 29 Machi 2007 Bunge la Marekani liliwatunuku marubani na watumishi wote wa Tuskegee nishani yake ya dhahabu.

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Kundi la 332 halikupoteza hata ndege moja ya mabomu iliyosindikizwa nalo. Katika miaka ya 2006 na 2007 mwanahistoria wa Jeshi la Anga Daniel Haulman alizilinganisha ripoti za kila siku za kundi na orodha za ndege zilizopotea, akaonyesha kwamba sivyo. Kati ya safari 179 za usindikizaji, ndege za mabomu 27 zilitunguliwa na ndege za adui zikiwa chini ya ulinzi wa kundi. Zaidi ya nusu, yaani 15, zilipotea siku moja, tarehe 18 Julai 1944, katika safari ya Memmingen ambapo ndege nyingi mno za Kijerumani zilishambulia, na siku hiyohiyo marubani wa 332 walitungua zaidi ya 10. Masahihisho hayo yaliwaudhi baadhi ya watu, lakini hayakukipunguzia kikosi hadhi. Jumla ya ndege za adui zilizotunguliwa na marubani wa Tuskegee ni 112, na wastani wa hasara kwa makundi mengine ya usindikizaji ya Jeshi la Anga la 15, yaliyofanya kazi hiyohiyo katika anga hilohilo, ulikuwa ndege za mabomu 46 kwa kila kundi.